Nani Mwenye Kitabu? Tuulize Kitabu Chenyewe



Kwetu nyumbani kuna Biblia ya babu ambayo jalada lake lilishaanguka zamani. Zile kurasa nyeupe za mwisho babu alizijaza kwa biki ya bluu. Aliandika siku za kuzaliwa za watoto wake tisa, ubatizo wao, na chini kabisa mistari minne juu ya parseli aliyonunua: mpaka unapita wapi, alilipa nini, mashahidi ni nani. Siku jirani alipodai kipande cha ile parseli, mama hakutafuta avoka. Alichukua Biblia akaenda nayo kwa mwami. Mwami akasoma, akaita shahidi mmoja aliyekuwa bado mzima, na mambo yakaishia pale.

Miaka yote nilifikiri ile ilikuwa akili ya babu peke yake. Kumbe hapana. Nilipoanza kusoma juu ya vitabu vya kale vya Kanisa la Ethiopia, nilikuta watawa wa kule walifanya vile vile mamia ya miaka kabla yake. Njo maana leo nataka tuongee juu ya vile vitabu. Watu wengi wanaangalia picha zake na kusema ni vizuri, halafu wanapita. Mimi naona picha, maandishi na swali la mwenye kitabu ni jambo moja.

Tuanze na kazi yenyewe. Kabla ya mashine ya kuchapa, kitabu kilitoka kwenye ngozi, na Ethiopia mara nyingi ilikuwa ngozi ya mbuzi. Inalowekwa, inavutwa kwenye fremu ya mbao, inakwanguliwa mpaka manyoya na mafuta yote yaishe, inabaki nyembamba na nyeupe. Mwandishi anapiga mistari, halafu anaandika kwa kalamu ya tete katika Kigeezi, lugha ya ibada. Wino mweusi unatokana na masizi, na wino mwekundu unatumika kwa vichwa vya maneno na majina matakatifu. Mwishoni kurasa zinashonwa na kufungwa kati ya mbao mbili. Kitabu kimoja kikubwa kinaweza kula kundi zima la mbuzi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyejinunulia Injili namna hii kama sisi tunavyonunua kaye. Ilihitaji mfalme, mkubwa wa nchi, ao jamii nzima kuchangia.

Halafu mapambo. Huko Ulaya wachoraji walipenda kubandika dhahabu ili ukurasa ung'ae. Ethiopia dhahabu ilitumika mara chache sana. Nguvu ilikuwa kwenye rangi na kwenye harag, yaani mikanda inayosukwa na kuzunguka juu ya ukurasa kama mmea unaotambaa. Mbele ya kila Injili mara nyingi anakaa mwinjili wake mwenyewe. Mwanzoni mwa kitabu kuna majedwali yanayoonyesha ni wapi Injili nne zinakubaliana, nayo yamechorwa chini ya matao kama milango ya kanisa. Msomaji anaingia kitabuni sawa vile anaingia hekaluni.

Mfano mkubwa ni Injili za Garima, vitabu viwili vinavyotunzwa katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, katika jimbo la Tigray. Watawa wanasimulia kwamba Abba Garima aliandika kwa siku moja tu, juu Mungu alilizuia jua lisitue. Wataalamu nao walipima ngozi yake: kitabu kimoja kikaonekana ni cha kati ya mwaka 390 na 570, kingine kati ya 530 na 660. Hivi ni kati ya vitabu vya Injili vyenye picha vya zamani kabisa duniani, na bado viko katika monasteri ile ile.

Sasa, mwenye kitabu anaonekana wapi? Anaonekana mahali patatu.

Kwanza, kwenye sala. Mwandishi aliingiza ndani ya sala jina la yule aliyelipa, ili kila mara ikisomwa akumbukwe. Kitabu kikipata mwenye mpya, jina la kwanza linakwanguliwa na lingine kuandikwa pale pale. Ukiangalia vizuri, kidonda cha kisu bado kinaonekana kwenye ngozi.

Pili, kwenye picha. Mara nyingine mfadhili mwenyewe anachorwa, mdogo, ameinama miguuni pa Bikira Maria. Ile picha ni ibada, lakini pia ni sahihi yake.

Tatu, kwenye kurasa zilizobaki tupu. Hapo waliandika mashamba yaliyotolewa kwa kanisa, nani aliyatoa, na mashahidi waliokuwepo. Mara nyingi waliongeza laana kwa mtu atakayeiba kitabu. Kwa nini wakaandika mambo ya ardhi ndani ya Injili? Juu Injili ilikaa kanisani, kila mtu aliiheshimu, na hakuna aliyethubutu kuichana. Ilikuwa kitabu cha sala na ofisi ya ardhi kwa wakati mmoja.

Ukielewa hilo, utaona wizi wa kitabu cha namna hii unabeba nini. Mwezi wa nne 1868 jeshi la Waingereza liliteka ngome ya Maqdala, na Mfalme Tewodros II akajiua. Mali ikachukuliwa, ikauzwa kwa mnada, na vitabu kama 350 vikafika kwenye makumbusho ya taifa ya Uingereza kule London. Lakini tuseme ukweli wote: vingi kati ya hivyo Tewodros naye alikuwa amevichukua kwa nguvu kwenye makanisa ya Gondar. Mwenye kuibiwa naye alikuwa ameiba. Njo maana jibu la "ni mali ya serikali gani?" halitoshi. Lazima tuulize ni kanisa gani, kijiji gani, na jina gani lilikwanguliwa.

Kurudisha kunawezekana. Mwaka 1872 London ilimrudishia Mfalme Yohannes IV kitabu cha Kebra Nagast baada ya yeye kuandika barua kukiomba. Mwaka 2016 chuo kikuu cha Howard, Marekani, kilirudisha kitabu cha karne ya 15 kwa monasteri ya Debre Libanos. Ushahidi ulitoka wapi? Kwenye mradi ulioanza mwaka 1973, ambao ulipiga picha za mikrofilmu za vitabu kama 9,000 vya Ethiopia. Picha zilionyesha kwamba kitabu kile kilikuwa kwenye monasteri kabla ya kuonekana Marekani. Wakati wa vita vya Tigray, vilivyoanza mwezi wa kumi na moja 2020, vitabu vingine viliporwa tena. Mchuuzi akikata ukurasa wenye picha auze peke yake, ule wenye jina la kanisa anautupa. Picha inabaki nzuri, lakini inakuwa bubu.

Mtu ataniambia: leo vingi viko kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuviona. Ni kweli, na mimi njo vile nilivyoviona, kwa megabaiti zangu kidogo. Lakini kuona si kumiliki. Mimi nikiona mistari ya shamba la kanisa fulani, hainisaidii kitu. Wale waliokuwa wanaishi juu ya lile shamba njo walikuwa wanaihitaji.

Basi, sisi tuliosoma tuna kazi ndogo ya kufanya. Mwezi huu nilipiga picha kila ukurasa wa mwisho wa Biblia ya babu, nikatuma nakala kwa wadogo zangu wote. Vita ikitukimbiza tena, ao moto ukipita, ile mistari minne itabaki mahali fulani. Kwenu nyumbani, nani anatunza kurasa kama zile, na kuna mtu ameshazipiga picha?