Pikipiki chakavu ya bei nafuu: Piga hesabu kabla ya kufungua pochi

WAFANYABIASHARA wadogo na wenye akiba ndogo wanaotafuta chombo cha kuwaingizia fedha kila siku wamekuwa wakivutiwa na pikipiki zilizotumika, hususan zile zilizosimama kwa ubovu na kuuzwa chini ya nusu ya bei ya mpya. Biashara hiyo ina faida yake, lakini wengi huingia wakiwa wameangalia tarakimu moja tu, nayo ni bei anayoitaja muuzaji. Bei hiyo ni sehemu tu ya mtaji unaohitajika. Sehemu nyingine ni gharama ya kukirudisha chombo barabarani, gharama ya makaratasi, na siku zitakazopotea kikiwa kwa fundi.

Nchini Tanzania soko la pikipiki zilizotumika lilipata uhai mkubwa baada ya usafirishaji wa abiria kwa pikipiki kutambuliwa rasmi kwa kanuni za mwaka 2010. Pikipiki kutoka India, kama Boxer ya kampuni ya Bajaj na zile za TVS, pamoja na nyingi zilizotengenezwa China, zilienea mijini na vijijini. Zilizofanya kazi ya bodaboda kwa miaka kadhaa ndizo zinazorudi sokoni leo, nyingine zikitembea na nyingine zikisukumwa.

Kadi kwanza, injini baadaye

Ubovu wa injini una dawa. Ubovu wa umiliki mara nyingi hauna. Ndiyo maana mnunuzi anashauriwa kuanza na kadi ya usajili kabla hajapiga kiki hata mara moja.

Kadi iwe halisi, na jina lililomo liwe la anayeuza. Kama pikipiki imepita mikononi mwa watu watatu bila umiliki kuhamishwa, mnunuzi wa nne atalazimika kumtafuta aliyeandikwa kwenye kadi, na mtu huyo huenda amehama mji au amefariki. Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hugongwa karibu na shingo ya usukani, na namba ya injini zilinganishwe na za kwenye kadi. Mahali palipopigwa tupa, kuchomelewa au kupakwa rangi mpya juu ya namba ni sababu tosha ya kuahirisha malipo na kwenda kwanza polisi kuuliza kama chombo hicho kiliripotiwa kuibwa.

Aidha, pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji hubaki na kadi mpaka deni liishe. Muuzaji mwenye nakala tu ya kadi aulizwe ilipo kadi yenyewe. Faini za usalama barabarani nazo huandikwa kwa namba ya chombo, hivyo mnunuzi asiyeuliza anaweza kurithi deni la mtu mwingine. Uhamisho wa umiliki hufanyika Mamlaka ya Mapato (TRA) na una malipo yake. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria. Chombo kitakachobeba abiria kwa malipo kinahitaji pia leseni ya usafirishaji chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Kilomita hazisomwi kwenye mita peke yake

Mita ya kilomita ni shahidi dhaifu. Kebo yake ikikatika mita husimama, na wenye pikipiki wengi hawana haraka ya kuinunua nyingine, kwani chombo hutembea vilevile bila hiyo.

Hesabu rahisi inasaidia zaidi. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hupita kilomita 30,000 kwa mwaka. Ikifanya kazi hiyo miaka 3 ni zaidi ya kilomita 90,000. Mita inayosoma 18,000 kwenye pikipiki ya namna hiyo haina la kumweleza mnunuzi. Aangalie vitu ambavyo haviwezi kudanganya kirahisi: mpira wa kukanyagia gia ulivyoisha, vishikio vya mikono, meno ya sproketi yaliyochongoka kama ya papa, na kiti kilichoshonwa upya.

Moshi na sauti ndivyo vinavyopanga bei

Injini ikaguliwe ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Kiki ikishuka laini bila kuusukuma mguu nyuma, mgandamizo umepungua, na hapo silinda, ringi au valvu ndizo zinazoshukiwa.

Rangi ya moshi nayo huzungumza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukakoma, mara nyingi tatizo ni sili za valvu, na dawa yake si ghali. Ukiendelea wakati wote, na kuongezeka injini inapobeba mzigo, ringi na silinda zimekwisha. Moshi mweusi maana yake ni petroli nyingi kuliko hewa, na huenda filta ya hewa imeziba au kabureta inahitaji kusafishwa. Hiyo ni kazi ndogo.

Kwa upande wa sauti, mlio mwembamba wa kugonga juu ya injini unaweza kuisha kwa kurekebisha nafasi za valvu. Mlio mzito unaotoka chini, unaosikika zaidi injini inapopewa mafuta, ni dalili ya beringi za krenki au mkono wa pistoni. Kazi hiyo inalazimu injini nzima kupasuliwa, na kwa pikipiki ya bei ya chini inaweza kumeza faida yote.

Pikipiki iliyosimama miezi mingi si lazima iwe mbovu sana. Petroli iliyolala ndani ya kabureta huacha utando unaoziba jeti, tangi hupata kutu, na betri hufa. Chombo kama hicho kinaweza kuwaka baada ya tangi kuoshwa, kabureta kusafishwa na plagi kubadilishwa. Hiyo ndiyo bahati ambayo mnunuzi wa pikipiki chakavu anaitafuta. Hata hivyo, maneno ya muuzaji kwamba "inataka plagi tu" yajibiwe kwa kuweka plagi mpya hapohapo. Isipowaka, bei ishuke.

Fremu ndiyo ya mwisho kukaguliwa lakini si ya mwisho kwa uzito. Nyufa kwenye shingo ya usukani au mahali unaposhikia mkono wa gurudumu la nyuma huashiria mizigo mizito au ajali. Gurudumu la nyuma lisipofuata mstari wa la mbele, chombo kimepinda. Fremu iliyopasuka au kupinda ni sababu ya kuondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Fedha ya matengenezo ianzie wapi

Kosa la kawaida ni kuanza na rangi na kiti kipya ili chombo kipendeze. Mpangilio wenye faida unaanza na vitu vinavyolinda maisha: breki, matairi, beringi za magurudumu na za usukani, taa na honi. Dereva akipata ajali kwa breki mbovu, mwekezaji hupoteza chombo na huenda akabeba mzigo mwingine mkubwa kuliko huo.

Pili ni huduma ya kawaida, yaani oili, plagi, filta ya hewa, kebo za klachi na mafuta, na marekebisho ya valvu. Tatu ni cheni na sproketi zake mbili, ambazo zinunuliwe kwa seti. Cheni mpya ikifungwa juu ya sproketi zilizoisha huharibika haraka, na fedha hutoka mara mbili.

Injini ifunguliwe pale tu dalili zinapodai. Silinda iliyoliwa inaweza kuchongwa na kufungwa pistoni kubwa kidogo, kwa hatua za robo milimita, au ikabadilishwa nzima pamoja na pistoni na ringi zake. Baada ya kazi hiyo chombo kiendeshwe polepole bila mzigo mzito kwa kilomita kama 500 za kwanza na oili ibadilishwe mapema. Mwenye chombo anayekikabidhi kwa dereva siku hiyohiyo na kudai hesabu kamili anaichoma kazi aliyoilipia.

Kuhusu vipuri, maeneo kama Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam yana kila daraja la bidhaa: halisi, za kuiga, na zilizochomolewa kwenye pikipiki nyingine. Kifuniko cha pembeni au kioo cha kuiga hakimdhuru mtu. Kwa breki, beringi, ringi na cheni, unafuu huo ni wa siku chache. Ni vyema mwenye chombo akanunua vipuri mwenyewe, akadai risiti, na kuchukua vya zamani vilivyotolewa ili ajue kweli vimebadilishwa.

Mfano wa hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke za soko lake.

Tuseme pikipiki inauzwa shilingi 800,000. Cheni na sproketi ni 35,000, matairi mawili na tyubu 110,000, breki 15,000, oili, plagi na filta 30,000, betri 35,000, kebo na taa 25,000. Jumla ni 250,000. Injini inahitaji silinda, pistoni, ringi, gasketi na ufundi kwa 200,000. Makaratasi na bima ni 100,000. Akiba ya dharura iwe 150,000. Mtaji wote ni shilingi 1,500,000, karibu mara mbili ya bei iliyotajwa.

Dereva akileta hesabu ya 7,000 kwa siku 6, mapato ya wiki ni 42,000. Mwenye chombo akitenga 12,000 kwa huduma na uchakavu, anabaki na 30,000. Mtaji utarudi baada ya wiki 50.

Linganisha na pikipiki mpya ya shilingi 3,000,000 pamoja na usajili na bima, inayoleta 10,000 kwa siku na kutengewa 8,000 kwa wiki. Inabaki 52,000, na mtaji unarudi kwa wiki kama 58. Tofauti ni wiki 8 tu. Pikipiki chakavu ikiharibika tena kwa kazi ya 350,000, akiba italipa 150,000 na mfukoni zitatoka 200,000 nyingine, ambazo ni karibu wiki 7 za mapato. Ikilala kwa fundi wiki 3, jumla inafika wiki 60. Unafuu wote umekwisha, na mwenye pikipiki mpya bado ana mali yenye bei nzuri sokoni.

Je, pikipiki chakavu haifai? Inafaa, ikinunuliwa kwa bei inayofaa, na bei hiyo hupatikana kwa kurudi nyuma. Mnunuzi aulize kwanza pikipiki nzima ya aina na umri uleule, iliyotumika na inayotembea, inauzwa kiasi gani. Ikiwa ni 1,300,000, aondoe matengenezo ya 450,000 na akiba ya hatari ya 150,000. Inabaki 700,000. Gharama za makaratasi haziingii hapa kwa sababu zingelipwa kwa pikipiki zote mbili. Kwa hiyo 700,000 ndiyo bei ya juu kabisa, na 800,000 anayoitaka muuzaji ni hasara ya 100,000 kabla safari haijaanza. Akiipata kwa 500,000, mtaji unakuwa 1,200,000 na unarudi kwa wiki 40. Hapo kuna biashara.

Makubaliano na dereva

Jambo la mwisho ni makubaliano. Chini ya mpango wa hesabu ya siku, iandikwe nani analipia oili, pancha, breki na injini, na hesabu inakuwaje siku chombo kikilala. Chini ya mpango wa mkataba, ambapo dereva hulipa mpaka chombo kikawa chake, pikipiki ya zamani ina hatari ya pekee: ikifa katikati, dereva huacha kulipa na mwenye chombo hubaki na chuma. Mkataba wa muda mfupi, usiozidi uhai unaotegemewa wa injini iliyotengenezwa, ni salama zaidi kwa pande zote mbili.

Waswahili husema rahisi ni ghali. Kwa mwenye mtaji mdogo, ulinzi dhidi ya msemo huo ni fundi wake mwenyewe, asiyelipwa na dalali, na karatasi yenye orodha ya gharama iliyojazwa mbele ya chombo kabla ya kutaja bei. Muuzaji asiyekubali namba zisomwe, injini ikaguliwe ikiwa ya baridi na pikipiki ijaribiwe barabarani, anauza mbuzi kwenye gunia. Pikipiki za aina hiyo ni nyingi sokoni, na anayeiacha moja leo atakuta nyingine wiki ijayo.