Nyumba ya Sheikh Mbaruk, Gazi

Nyumba kuu ya zamani iliyoko Gazi, Msambweni, ilikuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui katika karne ya 19. Mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, jambo lisilofaa kusahauliwa mtu anaposifu milango ya nakshi. Mwaka 1895 Mbaruk alipigana na Waingereza. 1896 akavuka kwa Wajerumani, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nyumba baadaye ikawa shule.

Majengo ya aina hii ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mafundi wasizibe nyufa kwa saruji: unyevu hukosa pa kutokea, ukuta ukalainika kwa ndani. Plasta ya chokaa ndiyo inayofaa.