Ikama na Mzigo wa Kazi: Kampuni Inahitaji Watu Wangapi?

Wanafunzi wetu wa Kiswahili cha biashara hapa Nakawa hulijua neno "mshahara" mapema sana, lakini "ikama" huwa geni kwao. Katika Kiswahili cha utawala, hasa Tanzania, ikama ni idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kila cheo katika taasisi. Makala haya yanaeleza jinsi idadi hiyo inavyopaswa kupatikana, kwani kampuni nyingi huipata kwa kukisia tu, na wanaoumia ni wafanyakazi.

Msingi wa hesabu ni saa, wala si vichwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki. Kwa makubaliano zinaweza kuongezwa, lakini zisizidi 10 kwa siku wala 56 kwa wiki, na saa za ziada katika siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu. Likizo ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani 21 kwa mwaka.

Tuchukue ghala la kubuni. Linapokea oda 120 kwa siku, na kila oda huchukua dakika 20 kukusanywa, kuhakikiwa na kufungwa. Hizo ni saa 40 kwa siku. Meneja anagawa kwa 8, anapata 5, anaajiri watano. Amesahau kwamba aliyemo katika orodha ya mishahara hayupo kazini kila siku. Tukiacha sikukuu kando, siku 6 kwa wiki ni siku 312 kwa mwaka. Ondoa 21 za likizo na, tuseme, 9 za ugonjwa na mafunzo: zinabaki 282, sawa na saa 2,256 kwa kila mtu. Kazi yenyewe ni saa 12,480. Ukigawa unapata 5.5, yaani watu 6.

Wale watano basi watafanya wastani wa saa 53 kwa wiki. Bado wamo ndani ya sheria, na tuseme ukweli: kulipa saa zao 25 za ziada, hata kwa mara moja na nusu, ni nafuu kuliko mshahara kamili wa mtu wa sita. Ndiyo maana mwajiri hana haraka ya kumtafuta. Lakini kila mtu amebakiwa na saa 3 tu kabla ya kufika 56. Kwa wote ni saa 15, yaani oda 45 katika wiki yenye oda 720. Desemba ikifika, au mmoja akiacha kazi, nafasi hiyo inakwisha, na hapo ndipo watu huanza kufanya saa zisizoandikwa popote.

Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya aina hii kwa watumishi wa afya. Mwongozo wake ulitolewa upya mwaka 2010, na Uganda imeitumia. Waliopo hugawanywa kwa wanaohitajika, na jibu likiwa chini ya 1 kuna upungufu. Ghala letu lina 0.9.

Upo pia upande wa pili, wa watu kuzidi kazi. Mwaka 1990 utumishi wa umma wa Uganda ulikuwa na watu wapatao 320,000, na kufikia katikati ya muongo huo idadi ilishuka hadi karibu nusu. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo wafanyakazi hewa. (Msemo huu wafaa kufundishwa: mshahara wa mtu huyo ni wa kweli, mwenyewe ndiye hayupo.)

Nasi walimu tumo. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe, Julai 2022, Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, swali la walimu wangapi wanahitajika limekuwa zito, na kwa kawaida hujibiwa kwa kuhesabu vipindi. Mwalimu mwenye wanafunzi 200 akitoa insha moja, na kila insha akaisahihisha kwa dakika 15, ametumia saa 50. Ratiba ya vipindi haizionyeshi.