UPOLE SI UNYONGE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hasira ni hasara. Lakini wengi wetu humwona mpole kuwa mnyonge, au tunadhani upole ni wa kuzaliwa nao: unao au huna, basi. Hebu, mpenzi msomaji, tumtazame Mtakatifu Fransisko wa Sales.

Fransisko alizaliwa mwaka wa 1567 huko Savoy, nchi ambayo sehemu yake kubwa sasa imo Ufaransa. Kwa maumbile alikuwa mwepesi wa hasira. Tena, alipokuwa mwanafunzi mjini Paris, alishikwa na hofu kwamba Mungu alikuwa amekwisha kumtupa. Aliugua kwa hofu hiyo. Siku moja aliingia kanisani, akapiga magoti, akaazimia kumpenda Mungu hata iweje. Hofu ikamtoka. Amani yake ilianzia hapo: hakungoja taabu ziishe, bali alimwachia Mungu taabu zake.

Mwaka wa 1594, akiwa padre, alitumwa Chablais, ambako watu wengi walifuata mafundisho ya Calvin. Walikataa kumsikiliza. Je, aliwatukana? La hasha! Aliandika mahubiri yake kwenye karatasi, akazipenyeza chini ya milango yao. Ndiyo maana mwaka wa 1923 Papa Pius wa 11 alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi. Hata sisi wa jarida hili tumo!

Fransisko alikuwa Askofu wa Geneva kuanzia mwaka wa 1602. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1609 kuhusu maisha ya ibada, alifundisha jambo tunalolisahau: uwe mpole hata kwa nafsi yako. Ukikosea, usijikasirikie. Inuka taratibu, uanze upya. Kujikasirikia ni kuongeza kosa juu ya kosa, na moyo uliochafuka hauchelewi kuwachafukia wengine.

Ndugu zangu, nchini mwetu mabweni yameteketea na wanafunzi wamepoteza maisha kwa hasira ya usiku mmoja. Hivyo basi, mtu akikukanyaga kwenye foleni ya chakula, ama ukipata alama mbaya, nyamaza kidogo, vuta pumzi. Si eti unaogopa. Fransisko alijizoeza hivyo miaka mingi kabla watu hawajamwita mpole. Nasi tuanze leo.