Goti la Ledley King lina funzo kwa mabeki wetu
Na daktari wetu

Mashabiki wa soka huwakumbuka wafungaji mabao. Beki hukumbukwa siku aliyokosea. Lakini sisi madaktari tuna sababu ya kumkumbuka beki mmoja wa Uingereza, Ledley King, aliyekuwa nahodha wa Tottenham Hotspur ya London. Kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu, King alicheza katika Ligi Kuu ya nchi hiyo akiwa na goti ambalo gegedu yake ilikuwa imelika na kwisha.

Vijana wanaokuja kwangu na magoti yaliyovimba, aghalabu siku ya Jumatatu, hupenda kuniuliza hivi: "Daktari, ikiwa wachezaji wakubwa wa Ulaya hucheza wakiwa na maumivu, mbona wewe waniambia nipumzike?" Swali hilo ni la haki. Tukiyatazama maisha ya King kwa makini, tutapata jibu lake.

Beki wa klabu moja

King alizaliwa London mnamo Oktoba 1980. Alijiunga na Tottenham akiwa kijana, na Mei 1999 akaichezea timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Liverpool. Hakuhamia klabu nyingine maisha yake yote ya uchezaji. Alikuwa beki wa kati mrefu, mwenye mbio, aliyejua kumpokonya mshambulizi mpira bila kumwangusha. Desemba 2000 alifunga bao dhidi ya Bradford City kabla ya sekunde 10 kwisha, na rekodi hiyo ya ligi ilidumu hadi 2019. Aliichezea timu ya taifa ya Uingereza mara 21, na Februari 2008 aliongoza Tottenham kuilaza Chelsea 2-1 katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley.

Wakati huo goti lilikuwa tayari linamsumbua, na alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji. Katika miaka iliyofuata hakuweza kufanya mazoezi ya kawaida pamoja na wenzake. Wenzake walipokuwa wakikimbia uwanjani, yeye alikuwa akiogelea au akifanya mazoezi mepesi ndani ya ukumbi. Siku ya mechi aliingia uwanjani na kucheza vizuri ajabu. Baada ya mechi goti lilivimba, na lilihitaji takriban juma zima kutulia. Mechi mbili ndani ya juma moja zilikuwa mzigo mzito mno kwake.

Alipelekwa Afrika Kusini kwa Kombe la Dunia la 2010, akaanza mechi ya kwanza dhidi ya Marekani mjini Rustenburg, lakini hakurudi kipindi cha pili kwa sababu ya jeraha la kinena. Julai 2012 alitangaza kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 31, umri ambao mabeki wengi wa kati bado wana miaka mizuri mbele yao.

Gegedu ni kitu gani?

Ukila mguu wa kuku, utaona ncha ya mfupa imefunikwa na kitu cheupe, laini na chenye kuteleza. Hiyo ndiyo gegedu. Ncha za mifupa ya goti lako zimefunikwa vivyo hivyo ili mfupa usisugue mfupa. Zaidi ya hiyo, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga. Kazi yake ni kupunguza kishindo.

Ukijikata kidole, damu huleta vifaa vya ujenzi na kidonda hufunga. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwa ute ulio ndani ya kiungo. Kwa hiyo ikilika, haioti tena kama ilivyokuwa. Vilevile haina neva, na ndiyo maana huweza kuanza kulika pasipo mwenyewe kuhisi lolote. Maumivu yanapokuja, hutoka kwenye mfupa ulio chini yake na kwenye utando unaokizunguka kiungo.

Wapasuaji wana njia za kuziba mashimo madogo ya gegedu. Gegedu ikiisha kabisa, hakuna kidonge wala sindano ya kuirudisha. Goti la bandia lipo, lakini hilo ni la kumsaidia mtu atembee bila maumivu, si la kurukia mipira ya kona.

Beki naye ana taabu yake. Mshambulizi anajua anakoelekea, ilhali beki hulazimika kugeuka ghafla kumfuata. Huruka kupiga kichwa na kutua kwa mguu mmoja, mara nyingine akiwa amesukumwa. Kumbuka kwamba hata kupanda ngazi tu hulitwika goti takriban mara tatu ya uzito wa mwili.

King si kipimo chako

Sasa tulijibu swali la vijana. King alikuwa na madaktari waliomwangalia kila siku, wataalamu wa mazoezi ya viungo, na bwawa la kuogelea. Alikuwa na kocha aliyekubali nahodha wake asifanye mazoezi uwanjani, na mshahara hata juma ambalo hakucheza. Juma lake zima lilipangwa kwa ajili ya goti moja.

Mlinganishe na beki wetu. Jumamosi anacheza ligi ya kaunti katika uwanja wa muramu. Jumapili anachezea mashindano ya mtaani. Jumatatu alfajiri yuko mjengoni akibeba saruji, au shambani. Goti likivimba, anakandwa kwa maji moto, kisha kabla ya mechi inayofuata anadungwa sindano ya diklofenaki.

Sindano hiyo haitengenezi chochote. Huzima king'ora huku nyumba ikiendelea kuungua. Mchezaji asiyehisi maumivu hukanyaga kwa nguvu zote juu ya kiungo kilichojeruhiwa. Isitoshe, dawa za jamii hiyo zikitumiwa ovyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa mtu akiwa amepoteza maji mengi kwa jasho. Hata King, pamoja na uangalizi wote huo, alilazimika kuacha soka akiwa na miaka 31.

La kufanya

Ukiumia goti, toka uwanjani siku hiyo hiyo. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji isiyobana mno, na uinue mguu. Usikande wala kutumia maji moto katika siku mbili tatu za kwanza.

Muone daktari upesi ikiwa ulisikia mlio goti lilipopinda, ikiwa limevimba ndani ya saa chache, ikiwa haliwezi kunyooka, au ikiwa linalegea unapokanyaga. Hizi huweza kuwa dalili za ukano uliokatika au gegedu iliyochanika. Goti lililovimba, lenye joto, pamoja na homa, ni la kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo, kwani usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa muda wa siku chache.

Ukifanyiwa upasuaji wa ukano wa ndani ya goti, usirudi mchezoni kabla ya miezi tisa, hata kocha akikubembeleza.

Kwa makocha, yapo mazoezi ya kupasha mwili moto yaliyotolewa na FIFA kwa jina la 11+. Huchukua dakika 20, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na timu zinazoyafuata kwa dhati hupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Hufundisha misuli ya paja na nyonga kulishikilia goti, na humfundisha mchezaji kutua goti likiwa limekunjika kidogo bila kuingia ndani.

Nao waliokwisha kuacha soka na sasa wanauma magoti wasikate tamaa. Kila kilo moja unayopunguza mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Kutembea, kuendesha baiskeli na kuimarisha misuli ya paja husaidia kuliko kukaa kitandani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mchezaji anayemficha kocha maumivu huenda akaipata mechi ya Jumamosi. Goti hilo hilo atalihitaji kupandia matatu akiwa na miaka 60.