Basenji: Mwindaji wa Msitu wa Kongo Katika Theluji ya Apple Valley

Asubuhi ya Januari huko Apple Valley, mji wa Minnesota ulio kusini mwa Minneapolis na Saint Paul, baridi huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mbwa wa haski hujigaragaza thelujini kwa raha zake. Basenji hufika kizingitini, huinua mguu mmoja, humtazama mwenye nyumba, kisha hurudi ndani. Si ukaidi. Manyoya yake ni mafupi na mepesi, na wahenga wake waliishi katika misitu yenye joto ya bonde la Kongo.

Msomaji wa Kiswahili atalitambua jina lake upesi. Katika lugha za Kongo kiambishi “ba” ni ndugu wa “wa” yetu, na “basenji” ni wale wale tunaowaita washenzi: watu wa porini. Wafugaji wa Uingereza walimpa mbwa huyu jina hilo miaka ya 1930. Leo ni jina la heshima kwenye maonyesho ya mbwa, huku Afrika Mashariki “mbwa shenzi” likibaki neno la dharau kwa mbwa asiye na mwenyewe.

Basenji ni mbwa mdogo. Dume hufikia sentimita 43 begani na kilo 11 hivi. Jike hupungua kidogo. Masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi, na mkia umejikunja juu ya kiuno. Hujilamba na kujisafisha kama paka, wala hana harufu kali. Jike wa mbwa wengi hupata joto mara mbili kwa mwaka. Wa basenji kwa kawaida hupata mara moja tu.

Sifa iliyomtangaza zaidi ni kwamba habweki ovyo kama mbwa wengine. Hata hivyo si bubu. Zoloto lake limeumbwa tofauti, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka iliyo karibu na kigelegele. Huguna, hulalama, na akifungiwa peke yake hupiga ukelele unaoweza kuwatoa majirani nje.

Ukimya huo una historia ya kazi. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Wambuti wamewinda kwa nyavu tangu zamani: nyavu hutandazwa kwa mstari mrefu uliopinda, kisha wanyama kama paa husakwa vichakani na kukimbizwa kuelekea huko. Mbwa akitumwa kusaka, wawindaji humvisha kengele ya mbao shingoni, kwa kuwa bila mlio wake hawangejua yuko wapi kwenye giza la majani. Mbwa huyo hutumia macho na pua pamoja, na huamua njia peke yake mbali na bwana wake.

Hapo ndipo tabia yake nyumbani inapoeleweka. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alichapisha orodha ya utii wa mbwa, akitegemea maoni ya waamuzi wa mashindano. Basenji alishika nafasi ya 78 kati ya 79. Wengi walisoma nafasi hiyo kama kipimo cha akili, ilhali ilipima wepesi wa kufuata amri. Mbwa wa kusaka anayesubiri kuambiwa kila hatua hupotewa na mnyama. Kwa hiyo basenji hufundishika kwa mafunzo mafupi, vipande vya nyama na subira. Kelele na kipigo humfundisha kukaa mbali na mtu tu.

Safari yake ya kutoka Afrika ilikuwa ngumu. Waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa distempa, maradhi ambayo miili yao haikuyazoea. Mwaka 1937 mfugaji Olivia Burn alifaulu kuwaonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Mwaka 1941 jike mmoja aligunduliwa ndani ya meli ya mizigo iliyotia nanga Boston kutoka Afrika Magharibi, amekonda lakini hai, akaitwa Congo. Baadaye wafugaji wa Marekani waliona kwamba mbwa wao wote wametokana na mababu wachache mno. Mwaka 1987 na 1988 Jon Curby, Damara Bolte na wenzao walikwenda Zaire ya wakati ule kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kikakubali kuandikisha mbwa 14 kutoka Afrika.

Sababu kubwa ya kutafuta damu mpya ilikuwa figo. Ugonjwa wa Fanconi, unaorithiwa, hufanya figo zishindwe kurudisha sukari na virutubisho vingine mwilini, vikapotea kwenye mkojo. Mbwa hunywa maji bila kiasi, hukojoa kupita kawaida na kukonda. Siku hizi kipimo cha vinasaba huonyesha nani amebeba kasoro hiyo, na daktari wa mifugo anaweza kupima sukari kwenye mkojo kwa kijikaratasi cha bei nafuu.

Kwa anayeishi Apple Valley, kazi ya kila siku ni kumpa mbwa huyu mbio. Saa moja ya mazoezi kwa siku ndiyo kiwango cha chini. Asiyechoshwa hutafuna viatu, makochi na fremu za milango. Vitongoji vya Minnesota vimejaa kindi na sungura. Akimwona mmoja, hasikii tena jina lake wala mlio wa gari. Atembezwe kwa kamba, na aachiwe tu mahali palipozungushwa uzio mrefu, maana hupanda wavu kama ngazi. Ipo pia michezo ya kukimbiza chambo cha plastiki kinachovutwa kwa mashine uwanjani, inayompa nafasi ya kuwinda bila kuua.

Majira ya baridi, avishwe koti na atolewe mara nyingi kwa muda mfupi. Akirudi, nyayo zioshwe kwa maji ya vuguvugu, kwani chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huchoma ngozi na hudhuru ikilambwa. Kiangazi huleta kupe wa ugonjwa wa Lyme na mbu wanaoeneza minyoo ya moyo, hivyo kinga zote mbili zinahitajika.

Nyumba inayobaki tupu kutwa nzima haimfai basenji. Familia yenye muda, miguu ya kutembea na uzio imara itampata mwenzi mchangamfu kwa miaka 13 au zaidi. Kabla ya kulipa hata dola moja, mnunuzi adai kuona majibu ya kipimo cha Fanconi ya mama na baba wa mtoto wa mbwa. Asinunue mbwa kwa mfugaji asiye nayo.