Kwa nini vidonge vina saa zake

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

Mama uliye jikoni, baba uliye kwenye foleni ya maji, vijana wenzangu, karibuni. Leo naanza na swali: ukimeza kidonge na kichwa kikaacha kuuma, kile kidonge kimekwenda wapi?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Usiku mmoja jino lilinisumbua. Nikameza Panadol mbili. Baada ya saa moja jirani akanionea huruma, akanipa Doliprane mbili. Kabla ya alfajiri nikaongeza mbili nyingine. Asubuhi muuguzi akaniuliza, "Tangu jana umemeza vingapi?" Nikaanza kuhesabu, nikapotea. Ndipo akaniambia kwamba Panadol, Doliprane na Efferalgan ni dawa moja, parasetamoli. Kinachotofautiana ni majina.

Sasa tufuate safari ya kidonge. Kikifika tumboni kinayeyuka. Dawa inaingia kwenye damu kupitia utumbo, na damu hiyo inapita kwanza kwenye ini, kile kiungo kikubwa kilicho upande wa kulia, chini ya mbavu. Kutoka hapo dawa inazunguka mwili mzima na maumivu yanapungua. Lakini kila damu inaporudi kwenye ini, ini linachukua sehemu ya dawa na kuibadilisha, kisha figo zinaichuja na unaitoa kwa mkojo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila baada ya saa 2 hadi 3 hivi, parasetamoli iliyo kwenye damu inapungua kwa nusu. Ndiyo maana maumivu yanaweza kurudi.

Je, yakirudi mapema, uongeze? Hapana. Fikiria bomba letu la maji. Hata tukija watu mia na kupiga kelele, ndoo zinajaa moja moja. Ini nalo lina kasi yake.

Tena kuna jambo la hatari. Sehemu ndogo ya parasetamoli inageuka sumu ndani ya ini. Ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo. Ukizidisha dawa, akiba inakwisha na sumu inaanza kuliharibu ini lenyewe. Mtu asiyepata chakula cha kutosha, au anayekunywa pombe nyingi kila siku, akiba yake ni ndogo zaidi.

Na ubaya wake hauonekani haraka. Siku ya kwanza unaweza kusikia kichefuchefu tu, au usisikie kitu. Baada ya siku 2 au 3 ndipo tumbo linauma upande wa kulia na macho yanakuwa ya njano.

Basi tushike haya:

Moja. Mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ni viwili asubuhi saa 12, viwili mchana saa 6, viwili jioni saa 12, viwili usiku saa 6. Kidonge cha miligramu 1000 kinahesabiwa kama viwili. Mtu mzima aliyekonda sana apate kipimo chake kwa muuguzi.

Mbili. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake. Usimkatie kidonge chako kwa kukisia.

Tatu. Soma pakiti. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Kama husomi, mwombe mtoto wa shule akutafutie neno "Paracetamol".

Nne. Ukijua umezidisha, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama unajisikia mzima. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za kwanza. Sema ukweli wa idadi. Hakuna aibu.

Maneno haya yasikutishe ukaacha dawa uliyoandikiwa. Parasetamoli kwa kipimo chake ni dawa nzuri. Hata mimi bado naitumia, ila sasa nahesabu.

Jirani akikuomba kidonge leo usiku, kabla hujampa muulize: "Umeshameza nini, na saa ngapi?"

Tukutane kipindi kijacho. Kaeni salama.

(Muziki unapanda)